Ndugu Nathanaeli Shekighenda, Jino la Nguruwe na Kibatari

Ndugu zangu katika mapambano: wafanyakazi wa kituo, wanamgambo wa wilaya, na ninyi wakulima mliolinda mashamba yenu kwa madebe na mayowe kila bunduki ilipochelewa kufika. Leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 1974, Ndugu Nathanaeli Shekighenda, fundi bunduki na msimamizi wa uwanja wa shabaha wa kituo chetu cha wanyamapori hapa Lushoto, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Kamati ya jarida imenikabidhi mimi, Yonathani Singano, afisa mdogo kuliko wote kituoni, kazi ya kuandika wasifu wake. Kamati haikujua inamkabidhi nani. Kwa mwaka mmoja na nusu sikutamani kitu chochote duniani kama kuwa Nathanaeli Shekighenda, na niliposhindwa kuwa yeye, nilichukua kilicho chake.

Hilo nitalifikia. Kwanza haki ya mstaafu.

Alizaliwa Bumbuli mwaka 1919, mtoto wa nne wa mkulima wa migomba na maharage, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1937 aliajiriwa kumbebea bunduki Bwana Nyama, afisa wanyamapori wa kikoloni. Kwa miaka tisa alibeba silaha ambayo hakuruhusiwa kuifyatua hata mara moja. Alipanda nayo Magamba, akashuka nayo Mombo, akaifuta umande, akaipaka mafuta, akaikabidhi kwa mwenyewe kila mnyama alipotokea, na akaipokea tena ikiwa ya moto. Utazameni ukoloni mzima katika picha hiyo: bega la mmoja, kidole cha mwingine. Wengi wangetoka hapo wamejifunza chuki peke yake. Yeye alitoka amejifunza bunduki.

Mwaka 1946 alitumwa Tanga kupeleka bunduki kwa fundi saa mmoja wa Kihindi, hodari wa vyuma vidogo vidogo. Aliambiwa itachukua siku mbili. Angeweza kwenda kutembea mjini kama tarishi yeyote. Badala yake aliomba kukaa dukani, akakaa siku zote mbili, macho kwenye mikono ya fundi, akiuliza kila alipokwama. Siku ya tatu alipanda mlima akiwa na bunduki iliyotengemaa, tupa ndogo aliyoinunua kwa mshahara wake, na ufundi kichwani. Naomba mlikumbuke duka lile, maana mimi pia nilijifunza kwake kwa kutazama, na tofauti kati ya kutazama kwake na kutazama kwangu ndiyo iliyonilazimisha kuandika kama ninavyoandika leo.

Uhuru ulipokuja, Bwana Nyama alifunga virago, akaacha funguo za ghala la silaha juu ya meza. Ndugu Nathanaeli alizichukua, akafungua ghala, akaanza kusafisha. Hakuna hotuba iliyosomwa. Ningalikuwapo mimi ningaliisoma.

Kazi yake kubwa ya kwanza katika Tanzania huru ilianza mwaka 1967, kituo kilipopokea masanduku ya risasi yaliyokuwa yamelala miaka mingi katika maghala mbalimbali. Mengine yalikuwa yamepikwa na joto la pwani, mengine yamenyonya unyevu wa huku kwetu juu. Risasi zilifanana sura na kutofautiana tabia. Askari alilenga kifua cha nguruwe, akapasua kisiki nyuma yake. Mwenzake alilenga vilevile, akafukua udongo hatua mbili mbele. Lawama zilikuwa zikimwangukia askari.

Ndugu Nathanaeli alikataa kumlaumu mtu kabla hajaihoji risasi. Alichukua risasi tano kutoka kila sanduku, akalaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akapiga karatasi iliyo yadi mia moja, akangoja mtutu upoe, akapima umbali wa tundu hadi tundu kwa uzi wa kushonea, akaandika. Alifanya hivyo katika jua la Februari, akarudia katika baridi ya Julai. Zilizokuwa zimeharibika alizifungua, akaipima baruti upya kwa mizani ya sonara, chembe kwa chembe, akajaribu tena. Ilimchukua karibu miaka mitatu. Mwishowe aliyapa masanduku majina, na Hamisi, mtunza ghala wetu mzaliwa wa Tanga, alidhani ni mzaha mpaka alipoyakuta yameandikwa kwa chokaa. Sanduku la risasi zinazokwenda zilikotumwa aliliita Mjomba. La risasi zinazokwenda zinakotaka zenyewe aliliita Shemeji. La risasi zinazoanguka kabla ya kufika aliliita Mkwe, kwa sababu mkwe mwenye adabu haingii ndani, huishia mlangoni. Amri ikatoka kwamba hakuna askari atakayekwenda shambani na jamaa wa masanduku mawili kwenye mfuko mmoja. Kabla ya amri hiyo tulitumia wastani wa risasi sita kwa nguruwe mmoja. Mwaka 1970 tulitumia mbili.

Nimeisoma daftari ile ya majaribio. Nilikaa miaka mitatu chuo kikuu, Mlimani, nikijifunza maana ya utafiti, na naungama mbele yenu kwamba sijawahi kuandika ukurasa mmoja wa ukweli kama kurasa zile mia mbili, zilizoandikwa kwa penseli na mtu wa darasa la nne.

Ipo habari nyingine, ya mwaka 1966, ambayo mwenyewe huisimulia kwa furaha ingawa inamdhalilisha. Nguruwe dume alikuwa ameingia shamba la Mama Rahabu kule Gare, akala mahindi mistari mitano. Ndugu Nathanaeli alijibanza pembeni tangu alfajiri. Nguruwe alitokea pale kivuli cha msitu kinapogusana na mahindi. Risasi ya kwanza ikakosa, ya pili ikakosa, ya tatu ikakosa. Ya nne ilimpata kwa sababu dume lilikuwa limeamua kujitokeza juani. Mama Rahabu, aliyekuwa ameketi juu ya ukuta wa mawe akitazama, aliwaambia majirani, "Bwana Nyama wetu ni mtu wa heshima. Anapiga tatu za kumwamsha mgeni, ya nne ya kumuaga."

Kila mtu alicheka, Ndugu Nathanaeli pamoja nao, kisha akaenda kuuliza kwa nini alikosa. Jibu lilikuwa mwisho wa mtutu. Pale mbele husimama chuma kidogo, ncha ya kulengea, ambayo mpigaji huiweka juu ya windo lake. Ncha ilikuwa nyeusi, nguruwe mweusi, kivuli cheusi. Alikuwa akilenga kwa kitu asichokiona. Basi alichukua jino la nguruwe yuleyule, akalikata, akalisugua kwa ile tupa ya Tanga kwa muda wa wiki nzima, hadi akapata chembe ndogo kuliko punje ya mtama. Akatoboa ncha, akaipachika. Tangu siku hiyo, katika giza la msitu, nyota nyeupe husimama mbele ya jicho la askari. Nguruwe wa Usambara wanauawa kwa meno ya wazee wao.

Sasa nije kwangu.

Nilifika hapa Mei 1973, koo langu likiwa bado limekauka kwa hotuba za chuo. Nilikuwa nimepanda kila jukwaa la Mlimani nikiwasema wanyonyaji na mirija yao. Nilitegemea kituo kitanisubiri. Nilikuta kituo kinamsubiri Nathanaeli Shekighenda. Nilipowahutubia wanamgambo saa nzima juu ya ubeberu, walipiga makofi wakaenda kula. Yeye aliwaambia, "Vuta pumzi, toa nusu, ngoja," na maneno hayo matano wakaondoka nayo hadi vijijini kwao. Nimewasikia kina mama wakiyatumia kutia uzi kwenye sindano. Wakulima walimletea yeye maboga na matunda damu. Mimi waliniletea malalamiko. Tulipotembea pamoja sokoni, shikamoo zilimiminika upande wake tangu kibanda cha kwanza hadi cha mwisho, nami nikabaki nikiitikia yale mabaki.

Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kutulia kwa mkono wake, kwa daftari yake, kwa namna alivyonyamaza kwenye mkutano na mkutano ukamgeukia. Nilijiambia kwamba ni wivu wa kimaendeleo, kwamba elimu ya kisasa ina haki ya kusimama mbele ya mazoea. Mnyonyaji hakosi nadharia.

Aprili mwaka huu, adhuhuri moja, Ndugu Nathanaeli akiwa amekwenda kula, niliingia karakana yake. Juu ya meza, katika jiliwa la kubania vyuma, palikuwa na mtutu wenye ile chembe nyeupe. Kando yake kulikuwa na bakuli la meno ya nguruwe, tupa, na kibatari kinachowaka mchana kweupe. Kibatari kilinichekesha. Nilivuta kiti, nikachora ncha ile kwa robo saa, nikatoka kabla mwenyewe hajarudi. Wiki ile niliandika taarifa ya kurasa kumi na moja juu ya kuboresha mwonekano wa ncha ya kulengea. Nilitia jina langu. Mwishoni nilipendekeza karakana ya kituo ipatiwe taa ya umeme, ili fundi asiendelee kutegemea kibatari.

Taarifa ilipendwa. Nilipongezwa kwa barua yenye mhuri, na sehemu yake ikachaguliwa kuingia katika kitabu cha mafunzo ya mgambo kitakachochapishwa Januari. Nikapewa idhini ya kuzishughulikia bunduki zote ishirini na nne za wilaya. Meno ya nguruwe hayakutosha, na mimi sikujua kutumia tupa, kwa hiyo nilinunua kopo la rangi nyeupe ya mafuta, nikapaka.

Hamisi alizipokea ghalani moja moja. "Msomi," aliniambia, "umezivisha sanda kabla hazijafa."

Ndugu Nathanaeli aliishika moja, akaielekeza dirishani, akairudisha. "Zimependeza," alisema. "Jua likiwapo zitaonekana vizuri." Mimi nilisikia sifa. Hamisi alisikia kitu kingine, maana aliangalia dari.

Mnaikumbuka asubuhi ya Saba Saba. Wanamgambo wa Korogwe na Handeni walikuwa wamepanda kushindana nasi. Mgeni rasmi alikuwa ameketi. Na ukungu ulishuka kutoka Magamba ukalala juu ya uwanja kama ulivyolala kila Julai tangu mlima huu uumbwe. Karatasi za shabaha nyeupe, ukungu mweupe, ncha nyeupe. Mwanaisha, ambaye hakuna anayempita kwa shabaha wilayani, alilala chini, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akainuka.

"Afisa," alisema, "naona maziwa ndani ya maziwa."

Aliyefuata aliona vilevile, na aliyemfuata huyo. Mgeni rasmi alitazama saa yake. Wageni wa Handeni, ambao bunduki zao hakuna msomi aliyezigusa, walianza kunong'ona kwa adabu, jambo baya kuliko kucheka.

Ndugu Nathanaeli alikuja kutoka karakana kwa mwendo wake wa siku zote, kibatari kikiwa kimekingwa ndani ya koti. Alichuchumaa mwanzo wa mstari. Alikwangua rangi yangu kwa kisu, akapitisha kila ncha juu ya moshi mpaka ikavaa masizi, weusi usiong'aa wala kurudisha mwanga. Bunduki ishirini na nne, nusu saa. Nilimfuata nikimshikia mitutu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Sikujua."

"Marahaba. Ulijua nusu." Hakuinua macho. "Nguruwe mweusi kivulini, mpe nyeupe. Karatasi nyeupe ukunguni, mpe nyeusi. Uliingia kwangu mchana ukakuta taa inawaka, usiulize inamulika nini. Mgeni yeyote angeuliza."

Kibatari kile hakikuwa cha kumulika. Kilikuwa nusu ya pili ya kazi yake, kimewekwa mezani pembeni ya ile ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeomba taa ya umeme mahali pake.

Siku ile tulishika nafasi ya pili, Mwanaisha akiwa wa kwanza kwa mpigaji mmoja mmoja. Mgeni rasmi alishuka kuja kumpongeza afisa aliyeboresha ncha za bunduki, akaninyooshea mkono. Nikaupokea. Hatua kumi kutoka hapo Ndugu Nathanaeli alikuwa akifuta masizi vidoleni kwa majani mabichi. Aliona. Aliendelea kufuta.

Katikati ya Oktoba uliwasili kwangu ukurasa wa majaribio wa kile kitabu, uliopigwa chapa safi, jina langu juu. Niliusoma kwa fahari mpaka nikafika mwisho, ndipo nikaona ulichokosa. Kibatari hakimo. Kitabu hicho kitakwenda kwa wanamgambo ambao hawana Nathanaeli wa kuwatokea ukunguni. Watapaka nyeupe kama walivyoelekezwa, watalala chini, na siku hiyo huenda mbele yao pasiwe na karatasi. Na mwenye kujua nusu ya pili alikuwa amebakiza wiki sita za kazi.

Nilikwenda nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada. Alikuwa bado kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, anakoimba besi. Mkewe, Mama Yudith, alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho bila kushangaa.

"Baba Esta alijua tangu Aprili," alisema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao. "Alikuta kiti kimevutwa."

Nilimuuliza mbona hakusema.

"Alisema kijana ana macho mazuri, atarudi kuuliza. Hicho kiti hakukirudisha ukutani. Kimekaa hapo mezani miezi sita, akigongagonga nacho magoti kila akigeuka. Mimi nilimwambia kiondoe, utaumia. Akasema, kina mwenyewe."

Ndugu zangu, nimewaonea watu wivu kwa sababu nyingi, lakini sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mzee wakati ule, chai ikipoa mkononi. Kiti kile nilikuwa nimekiona. Nilipita mlangoni pa karakana kila siku, nikidhani kimewekwa kwa ajili ya wateja.

Aliporudi nilimweleza yote, na nikamwambia kwamba nitaandika jina lake lirudi mahali pake. Alitafakari, akaniambia, "Anza na kibatari. Jina liweke patakapobaki nafasi. Mtu hapotei kwa kutojua jina langu."

Barua ya kusahihisha niliituma kesho yake. Nakala yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na inasema wazi kwamba utafiti wa risasi na wa ncha ya kulengea, ya jino na ya masizi, ni kazi ya Ndugu Nathanaeli Shekighenda, na kwamba mimi niliuchukua bila ruhusa na bila kuuelewa. Jibu lilifika Alhamisi ya wiki hii. Ukurasa unapangwa upya. Kibatari kimepewa aya mbili na mchoro. Jina lake limepata nafasi, nalo liko juu, langu halimo. Taa ya umeme imekataliwa kwa ukosefu wa fedha, na karakana inashukuru.

Tangu Oktoba nimekikalia kile kiti. Nimeharibu meno tisa ya nguruwe. La kumi limekubali. Mzee alilitazama kwa jicho lake la kushoto, akalipachika kwenye bunduki ya Mwanaisha, na mimi nililala siku hiyo kama mtu aliyepewa digrii yake ya kwanza.

Mzee wetu, kwa niaba ya kituo, ya wanamgambo, na ya kila shamba lililovunwa na mwenyewe badala ya nguruwe, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa Mjomba, Shemeji na Mkwe. Kwa daftari uliyotuachia ghalani. Kwa kunyamaza pale ambapo wengine tungepiga kelele. Rudi Bumbuli pamoja na Mama Yudith, migomba ikuzalie, besi yako isikatike, na kila asubuhi ya ukungu ikukute kitandani. Utuwie radhi tunaokuonea wivu hata leo. Ni sisi tuliobaki na kazi.

Tangazo la mwisho. Shehena mpya ya risasi imefika, na haijulikani bado ni ya mjomba au ya shemeji. Majaribio ya kwanza yatafanyika Jumamosi ijayo, tarehe 7 Desemba, saa moja kamili asubuhi, uwanja wa shabaha, ukungu uwepo usiwepo. Kila mwanamgambo aje na bunduki yake ikiwa safi. Nimeomba siku hiyo nisipewe bunduki. Nitakuwa mwanzo wa mstari, nimechuchumaa, na kibatari.